Baridi Huanzia Vidoleni

Ufukweni Coronado, jimbo la California, vijana wanaotaka kuingia kikosi maalumu cha jeshi la majini la Marekani hushikana viwiko, wakalala chali mawimbi yanapovunjikia, na Bahari ya Pasifiki ikawapita juu mpaka meno yagongane. Anayeona maji yamemfika shingoni huinuka akaenda kugonga kengele ya shaba mara tatu, na safari yake ikaishia hapo. Wamarekani hawako peke yao katika hili, kwani mapokeo ya kupiga mbizi kijeshi yamejaa namna za kumtia mwanafunzi kwenye maji ya baridi ili ijulikane ana moyo au hana. Sina ugomvi na mtihani wa moyo. Ugomvi wangu ni na imani inayoufuata kwa nyuma: kwamba aliyestahimili baridi ufukweni ataishinda pia chini ya maji, na kwamba kazi ikiharibika huko chini, basi kilichopungua ni ujasiri. Ushahidi uliokusanywa tangu katikati ya karne iliyopita hauiungi mkono imani hiyo. Joto la mwili ni akiba kama ilivyo hewa ya mtungini: lina kiasi chake, linatumika, linakwisha, na halijali mwenye nalo ana roho ya namna gani. Tofauti ni kwamba mtungi una geji.

Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Mtu aliyevua nguo na kutulia huhitaji maji ya nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi ili asipoteze joto wala asiongezewe. Chini ya hapo anatozwa kila dakika, hata kama ngozi yake imeshazoea na haimsumbui tena. Frank Golden, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, na Michael Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth walitumia miaka mingi kuonyesha kwamba madhara ya maji baridi huja kwa zamu. Kwanza ni mshtuko wa dakika mbili tatu, pumzi inapokatika na mtu kuhema bila kujizuia. Halafu mikono na miguu hudhoofika. Baadaye sana ndipo joto la ndani ya mwili hushuka chini ya nyuzi 35, ambacho ndicho kipimo cha kitaalamu cha mwili uliopoa kupita kiasi. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyafupisha hayo kwa ajili ya mtu aliyetumbukia kwenye maji ya barafu: dakika moja ya kuitawala pumzi, dakika kumi za kutumia viungo kwa manufaa, saa moja kabla ya fahamu kupotea. Mpiga mbizi wa jeshi huvaa vazi maalumu, kwa hiyo saa zake ni ndefu zaidi, na mshtuko wa mwanzo humpata kwa sehemu ndogo tu, hasa usoni. Lakini utaratibu ni uleule. Mikono hutangulia, kiwiliwili hufuata, na kati ya hayo mawili upo muda mrefu ambao mtu yu mzima, ana fahamu, hayumo hatarini kufa, ila kazi aliyotumwa hawezi tena kuifanya vizuri. Vifo huvuta macho ya watu. Kwa anayepanga operesheni, muda huo wa katikati ndio wenye habari.

Chukulia kazi yenyewe ilivyo. Mpiga mbizi yuko chini ya tumbo la meli, usiku, maji ni ya nyuzi tano. Anatakiwa kubandika kilipuzi, kufunga kamba, kulegeza nati, kuvuta pini, kusogeza kitasa cha saa mpaka kiingie mahali pake kwa mlio ambao ataujua kwa mguso tu, maana haoni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai nguvu za simba. Yote yanadai kidole gumba, kidole cha shahada, na mawasiliano mazuri kati ya viwili hivyo na ubongo. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wake huanza kuporomoka. Ikikaribia nyuzi 8, hisi ya mguso karibu yote imekwenda, na pini na kidole vinakuwa kitu kimoja kisichojulikana. Sababu yake ni mwili kujihami. Mishipa ya damu ya mikono hujifunga ili joto libaki kwenye moyo na ubongo, na vidole vinatolewa sadaka. Mtu akisema suluhisho ni glavu nzito, amesahau mambo mawili. La kwanza, glavu yenyewe huondoa wepesi hata mahali penye joto. Jaribu kuokota sarafu mezani ukiwa umevaa glavu za mpira wa milimita tano. La pili halionekani kwa urahisi: misuli inayokunja vidole kwa nguvu haiko kwenye kiganja, iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo. Kigasha kikipoa, hasa misuli yake ikishuka chini ya nyuzi 27 hivi, uwezo wa kukamata kitu na kukishikilia hupungua, hata kiganja kikiwa kimefunikwa vipi. Mwaka 1930 tabibu Thomas Lewis wa London alieleza jinsi mishipa ya vidole vilivyotiwa kwenye maji ya barafu inavyofunguka kwa vipindi na kuviletea joto kidogo, na wapo waliotumaini kwamba hiyo ndiyo kinga ya asili ya mfanyakazi wa baridi. Kinga hiyo, hata hivyo, hufifia mwili wote ukishapoa, yaani pale hasa inapohitajika.

Baada ya vidole huja misuli mikubwa. Watafiti wa Sweden, Bergh na Ekblom, walionyesha mwaka 1979 kwamba kila nyuzi moja ya joto inayopotea kwenye msuli huondoa kiasi cha asilimia 4 hadi 6 ya uwezo wa kuruka na kukimbia mbio fupi. Zidisha hiyo kwa nyuzi nne au tano, umpe mtu huyo ngazi ya kamba ya kupanda ubavuni mwa meli akiwa na silaha mgongoni, ndipo utaona hesabu inavyokwenda. Na hapa ndipo mpiga mbizi wa jeshi anapoachana na yule wa starehe. Wa starehe akitoka majini amemaliza. Anapewa taulo na chai. Kwa askari, maji mara nyingi ni barabara tu: anasafiri saa kadhaa ndani ya chombo kidogo kilichojaa maji, ameketi, hasogezi miguu, hatoi joto lolote la maana, kisha anatarajiwa atoke na kuanza kazi iliyomleta. Kukaa bila kusogea ndiyo hali mbaya kuliko zote. Kuogelea nako kuna gharama yake, maana mwili unaotetemeka hula oksijeni nyingi zaidi kwa mwendo uleule, na akiba ya gesi inayoyoma. Hata chombo cha kupumulia hakipendi baridi. Vile vinavyozungusha pumzi bila kutoa mapovu, ambavyo majeshi huvitumia ili visionekane, hutegemea chokaa maalumu ya kufyonza kaboni dioksaidi, na chokaa hiyo hufanya kazi kwa muda mfupi zaidi kwenye maji baridi. Kwa hiyo saa za mtu na saa za chombo hupungua pamoja.

Mapafu na moyo nitavipitia kwa haraka. Mtu akizama mpaka shingoni, karibu mililita 700 za damu huhama kutoka miguuni kuelekea kifuani. Baridi ikifunga mishipa ya ngozi, damu nyingine zaidi hufuata njia hiyohiyo. Ukiongeza juhudi kali ya kuogelea, mgandamizo kwenye mishipa ya mapafu unaweza kupanda mpaka maji yakavuja ndani ya vifuko vya hewa. Madaktari wa Israeli waliieleza hali hiyo mwaka 1995 kwa vijana wa mafunzo ya majini waliotoka kuogelea wakikohoa damu, vijana wenye afya ambao kabla ya hapo kila mtu angewachagua kwanza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwatia watu waliowahi kuugua hivyo kwenye maji ya nyuzi 20, wakakuta mgandamizo wa mapafu yao uko juu kuliko wa wenzao, na kwamba ulishuka kwa dawa ya sildenafili, ileile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra na kwa sababu nyingine kabisa. Ninachokichukua humo ni hiki tu: waliopatikana na tatizo hawakuwa walegevu. Mara nyingine aliyejituma zaidi ndiye aliyeumia.

Akili nayo? Hapa ushahidi unadai uangalifu, kwa sababu ni rahisi kutia chumvi. Mwanasaikolojia Alan Baddeley na wenzake walichapisha mwaka 1975 jaribio la wapiga mbizi waliofanya kazi kwenye maji ya karibu nyuzi nne na ya karibu nyuzi 25. Uwezo wa kufikiri na kuwa macho haukuharibika kama ilivyotarajiwa. Kilicholegea ni kumbukumbu. Wanaoamini nguvu ya moyo wana haki ya kulitumia jaribio hilo upande wao: mtu aliyefunzwa vizuri anaweza kubaki na akili timamu huku mwili ukipoa. Ila ushindi huo una shimo katikati. Kama akili imebaki timamu na vidole havimo, basi mpiga mbizi anajua kikamilifu anachotakiwa kufanya na hawezi kukifanya. Na kama kumbukumbu ndiyo inayolegea, atakachokisahau ni hatua aliyokwisha kuipita: pini ya pili aliivuta au hakuivuta? Kibaya zaidi ni kwamba kipimo chake cha ndani humdanganya. Mwaka 1980 W. R. Keatinge na wenzake walitoa katika jarida la madaktari wa Uingereza taarifa ya wapiga mbizi wa visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini. Hawa walivaa mavazi yaliyopitishiwa maji ya moto na kuvuta heliamu, gesi inayopitisha joto mara sita hivi kuliko hewa. Baadhi yao joto la ndani lilishuka bila wao kuhisi baridi. Ngozi ilikuwa na vuguvugu la kutosha kunyamaza, huku joto likitoka polepole kwa njia ya pumzi. Walikuwa raia, si askari, lakini mwili hauulizi sare. Ukimwuliza mtu wa namna hiyo kama yuko sawa, atakujibu kwa ukweli wake wote kwamba yuko sawa.

Pingamizi la kwanza linalostahili kujibiwa ni la mazoea. Wapo watu wanaoishi kwa kuzama kwenye maji baridi, watasema, na mwili wao umejifunza. Ni kweli, na hakuna mfano bora kuliko wanawake wazamiaji wa Korea, haenyeo, waliochunguzwa na mwanafiziolojia Suk Ki Hong na wenzake kuanzia miaka ya 1960. Majira ya baridi walikuwa wakizama kwenye maji ya nyuzi 10 wakiwa na nguo za pamba tu, na vipimo vilionyesha miili yao inachoma nishati zaidi wakati wa baridi na kuhifadhi joto kuliko ya wanawake wengine wa nchi ileile. Halafu katika miaka ya 1970 wakaanza kuvaa mavazi ya mpira. Miaka michache baadaye mazoea yale yakawa yamefutika. Mimi naona mfano huu unawageukia wanaoutumia. Mazoea ya kina yalipatikana kwa miaka ya kupoa kila siku mpaka joto la ndani literemke, na yakatoweka mara tu mtu alipojikinga; hakuna jeshi linaloweza kumpa askari maisha hayo. Kinachopatikana kwa mafunzo mafupi ni kingine. Tipton alionyesha kwamba kuzamishwa mara tano sita tu, dakika chache kila mara, hupunguza mshtuko wa mwanzo kwa karibu nusu, na faida hiyo hudumu miezi mingi. Hilo ni jambo la thamani na lifanywe. Lakini hupunguza kuhema. Halipashi vidole joto. Hapo Coronado kijana anafunzwa kutoogopa, ambayo ndiyo sehemu inayofundishika, kisha watu wanadhani amefunzwa na zile nyingine.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: teknolojia. Vazi la mpira wa neopreni lilibuniwa na mwanafizikia Hugh Bradner wa California mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwalenga hasa waogeleaji wa jeshi la majini. Siri yake ni vijipovu vya gesi vilivyonaswa ndani ya mpira. Katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa maradufu na gesi hubaki nusu ya ujazo wake. Katika mita 30 hubaki robo. Kwa maneno mengine vazi huwa jembamba kadiri mvaaji anavyoshuka, na humkinga vizuri zaidi pale ambapo hahitaji kukingwa sana. Mavazi makavu yenye nguo za sufu ndani yamepunguza tatizo hilo, na siku hizi yapo yenye nyaya za kupasha joto kwa betri. Basi si tumemaliza? Hapana, na sababu yake ndiyo sehemu iliyonishangaza kuliko zote katika mada hii. Kitengo cha majaribio ya mbizi cha jeshi la majini la Marekani, kilichopo Panama City, Florida, kilitoa mwaka 2007 matokeo ya mbizi za majaribio za kina cha karibu mita 37, ambapo joto la maji lilibadilishwa kati ya kukaa chini na kupanda. Waliokaa chini dakika 70 wakiwa na baridi, kisha wakapanda polepole kwenye maji ya moto, waliugua ugonjwa wa mapovu ya naitrojeni mara 2 tu katika mbizi 158. Waliokaa chini dakika 30 tu, chini ya nusu ya muda huo, wakiwa na joto, kisha wakapanda kwenye baridi, waliugua mara 7 katika mbizi 32. Maelezo yake ni mepesi ukishayasikia: mwili wenye joto hupeleka damu kila mahali, kwa hiyo hunyonya naitrojeni nyingi, ukipoa wakati wa kupanda, mishipa hujifunga na gesi ikakosa njia ya kutoka. Sasa fikiria vazi la betri. Litampa mtu joto zuri akiwa chini, akifanya kazi, na betri itakwisha wakati gani? Safari ya kurudi. Kifaa kilichonunuliwa ili kumkinga na baridi kinaweza kumpangia mbizi iliyo mbaya kuliko zote, kama hakuna aliyekaa akahesabu joto kama anavyohesabu gesi. Teknolojia haijaiondoa hesabu, imeiongezea mistari.

Watabaki wanaosema vita haina nafasi ya hesabu za namna hii, na watamtaja mpiga mbizi Mwitaliano, Luigi Durand de la Penne. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Desemba 1941, katika bandari ya Alexandria, topido yake ya kupanda ilikwama, mwenzake akatoweka kwenye giza, naye akaikokota peke yake kwenye tope mpaka chini ya manowari ya Uingereza, Valiant. Kilipuzi kililipuka na manowari ikaharibika vibaya. Sina nia ya kumpunguzia sifa. Lakini kuna jambo ambalo hadithi hiyo haiwezi kuthibitisha, kwa kuwa tunaisimulia kwa sababu ilifanikiwa. Waingereza walipoiga chombo hicho, vijana wao walifunzwa katika maghuba ya kaskazini mwa Scotland wakiwa ndani ya vazi la mpira ambalo wenyewe waliliita, kwa dhihaka ya kibaharia, kifo chenye unyevu. Walikuwa majasiri vilevile, na ujasiri haukulipa vazi hilo joto. Tena kitendo kilichomtukuza de la Penne kilikuwa cha kukokota, kazi ya mgongo na mapaja, misuli ambayo baridi huifikia mwisho.

Msomaji wa Mombasa au Tanga anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini, na jibu limo kwenye jaribio lile la Florida. Maji waliyoyaita ya baridi yalikuwa ya nyuzi 27. Hiyo ni bahari yetu. Msimu wa kusi maji ya pwani hushuka mpaka kwenye nyuzi 25 hivi, na hakuna anayeona ajabu kuingia bila vazi. Gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni mwezi Septemba 2019, wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji la Kenya pamoja na wenzao wa kiraia walitafuta karibu wiki mbili, na lilipatikana katika kina cha mita 58. Kazi ya namna hiyo ina kushuka, kufanya kazi kwa joto la mwili, kisha kuning'inia kwenye kamba bila kusogea wakati wa kupanda kwa awamu, yaani mpangilio uleule wa joto chini na ubaridi juu. Hapa hakuna barafu ya kumtisha mtu, hakuna meno kugongana, kwa hiyo hakuna anayefikiria baridi kabisa. Mambo ya kufanya si ya gharama. Vazi jepesi la milimita tatu kwa mbizi ndefu hata kama linawachekesha wenzake mvaaji. Kazi ya vidole ipangwe mwanzoni mwa mbizi, kazi ya kukokota baadaye. Na msimamizi aliye juu, ambaye tayari huandika saa ya kuingia, kina na hewa iliyobaki, aongeze kwenye daftari hilohilo joto la maji na muda ambao mtu amekaa bila kusogea. Mbizi ikatishwe kwa hesabu hiyo. Kumwuliza kwa kuvuta kamba kama yuko sawa kunaweza kuendelea, ilimradi jibu lake lisiwe ndilo linaloamua.